UCHAMBUZI: Mizani imefika Mji wa Kale, lakini nani atarudi kuisoma tena?

MNAMO Septemba 25, 2023, Rais William Ruto alizindua rasmi katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, kikosi cha wahudumu 100,000 wa afya ya jamii watakaohudumu katika kaunti zote 47. Pamoja na sare na simu ya kisasa ya kunakilia takwimu, wahudumu hao walitengewa mkoba wenye mashine ya kupima presha, kipimasukari, kipimajoto, utepe wa kupimia utapiamlo wa watoto, na mizani.

Kati ya vifaa hivyo vyote, mizani ndiyo inayomtia mhudumu mashakani pindi anapobisha hodi katika nyumba za Kibokoni, Kuze au Makadara, kisiwani Mombasa. Hakuna aoneaye haya kupimwa joto la mwili. Mama wa makamo akiombwa apande mizani mbele ya wakaza wanawe na watoto wa jirani, hilo ni jambo jingine kabisa. Mwenyeji atacheka, atamkaribisha mgeni kiti na kumwandalia chai, kisha atasema siku nyingine.

Hiyo "siku nyingine" ndiyo kiini cha makala haya. Serikali imefanikiwa kufikisha mizani mlangoni. Haijapanga wala kugharamia ziara ya pili, ya tano na ya kumi, ilhali ni katika ziara hizo ambamo uzani wa mtu mzima hupungua. Maadamu kazi ya mhudumu inahesabiwa kwa idadi ya nyumba alizozizuru, mizani hiyo itabakia kuwa chombo cha kukusanyia takwimu tu.

Ukubwa wa tatizo

Takwimu zenyewe zinatisha. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu hali ya watu na afya wa mwaka 2014 ulibainisha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Uchunguzi kama huo ulipofanywa mwaka 2022, idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi asilimia 45. Kwa maneno mengine, katika muda wa miaka minane tu, tatizo lililokuwa la mwanamke mmoja kati ya watatu lilikaribia kuwa la mmoja kati ya wawili. Wakazi wa mijini ndio wanaoathirika zaidi.

Wanaume nao hawajasalimika. Utafiti wa kwanza wa kitaifa kuhusu viini vya maradhi yasiyoambukiza, uliofanywa mwaka 2015, uligundua kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini, wake kwa waume, walikuwa na uzani uliozidi. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu, na wengi wa hao hawakuwa wakijua. Kwa mujibu wa Wizara ya Afya, maradhi yasiyoambukiza ndiyo yanayosababisha zaidi ya nusu ya wagonjwa kulazwa hospitalini.

Kwa msomaji asiyefahamu vipimo hivi, hesabu yake ni nyepesi. Uzani wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa kimo chake kwa mita, kisha jawabu likagawanywa tena kwa kimo hicho hicho. Jawabu likifika 25, uzani umezidi. Likifika 30, huo ni unene wa kupindukia. Mwanamke mwenye kimo cha mita 1.6 huingia katika kundi la kwanza akifikisha kilo 64, na katika kundi la pili akikaribia kilo 77.

Mkazi yeyote wa Mji wa Kale anaweza kuwataja jamaa kadhaa waliopita kiwango hicho. Anaweza pia kuwataja waliokatwa mguu kwa ajili ya kisukari, waliopooza upande mmoja kutokana na presha, na wanaofunga safari kila wiki kwenda kusafishwa damu baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Misiba hii imezoeleka mno hata imekuwa ikisimuliwa kama ajali, ilhali mingi huwa na mizizi ya miaka kumi au ishirini nyuma.

Sinia, chai na heshima

Si haki, hata hivyo, kudai kwamba watu wa kisiwani wamejitakia. Mapishi ya Mwambao ni urithi uliotokana na karne nyingi za biashara ya Bahari ya Hindi. Biriani, pilau, wali wa nazi, samaki wa kupaka, mahamri kwa mbaazi, kaimati na halua ni sehemu ya utambulisho wa mji huu sawa na milango yake ya nakshi. Mgeni hakirimiwi kwa maji matupu. Arusi haiwi arusi bila sinia, na matanga hayapiti bila watu kulishwa.

Kilichobadilika ni maisha yanayoandamana na chakula hicho. Baba zetu waliokula wali wa nazi walishinda wakibeba mizigo bandarini, wakivua samaki ama wakitembea kwa miguu kutoka Mji wa Kale hadi Makupa. Biriani ilikuwa ya arusi na sikukuu. Leo biriani hupatikana siku yoyote, kazi nyingi ni za kukaa kitako, na masafa ambayo zamani yalikuwa matembezi ya jioni sasa ni safari ya tuktuk au bodaboda.

Isitoshe, bei ya vyakula humsukuma maskini upande ule ule. Familia ya Majengo au Bondeni yenye mapato ya kubahatisha hununua kinachoshibisha kwa senti chache: viazi karai, bhajia, chapati, mihogo ya kukaanga na chai yenye sukari ya kutosha. Samaki, aliyekuwa kitoweo cha kila mtu katika kisiwa kilichozungukwa na maji, amegeuka kuwa chakula cha kuhesabia pesa. Ndiyo maana unene wa kupindukia kisiwani haupaswi kuchukuliwa kuwa maradhi ya matajiri wa Kizingo pekee. Waweza kuukuta katika nyumba moja na mtoto aliyedumaa kwa kukosa lishe bora.

Kuna pia suala la heshima. Katika jamii nyingi za Kiswahili, mke akinenepa baada ya arusi husemwa kwamba ametunzwa. Mzazi hulishwa na kupumzishwa kwa siku arobaini, na akitoka akiwa amekonda, wakwe hulaumiwa. Kwa upande mwingine, anayepungua uzani ghafla hunong'onezwa. Tangu miaka ya Ukimwi kushamiri, kukonda kumehusishwa na ugonjwa na aibu. Mwanamke aliyefaulu kupunguza kilo sita kwa juhudi zake hulazimika kujieleza kwa kila anayemlaki: "Vipi, u mgonjwa?"

Ni bayana, basi, kwamba bango la ukutani katika zahanati, hata likiandikwa kwa Kiswahili fasaha namna gani, haliwezi kuyashinda mambo haya. Anayeweza kuyakabili ni mtu wa mtaa ule ule, anayeijua sinia, anayejua mfungo na sikukuu, na anayeweza kuingia hadi jikoni bila kuonekana mdukuzi. Wahudumu wengi wa afya ya jamii ni wanawake, na katika mji ambao nyumba nyingi hazimfungulii mwanamume mgeni mlango wa ndani, hilo ni jambo la manufaa makubwa.

Funzo la Marekani na la Asia

Fikra ya kumtumia jirani kumsaidia jirani kupunguza uzani si ngeni duniani. Nchini Marekani, wakazi wenye asili ya Mexico, Puerto Rico na nchi nyingine zinazozungumza Kihispania huathirika na kisukari kuliko Wazungu wa nchi hiyo. Wengi wao hawakuwa wakifikiwa na madaktari wanaozungumza Kiingereza na wasiojua vyakula vyao. Mashirika ya afya yakaanza kuwatumia wanawake wa mitaani humo, wanaoitwa promotora, kuwatembelea majumbani, kupika nao na kutembea nao. Bila shaka jina walilopewa wahudumu wetu katika lugha ya serikali, wahamasishaji wa afya ya jamii, lina udugu na jina hilo.

Kinachofundishwa na wahudumu hao wa Marekani kina msingi wa kitaalamu. Mwaka 2002, matokeo ya utafiti mkubwa uliowashirikisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari yalichapishwa nchini humo. Kundi moja lilipewa dawa ya metformin. Jingine lilisaidiwa kubadilisha mwenendo wa maisha: kupunguza asilimia 7 ya uzani na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, kwa dakika 150 kila wiki. Dawa ilipunguza visa vipya vya kisukari kwa asilimia 31. Mabadiliko ya mwenendo yaliwapunguza kwa asilimia 58.

Asilimia 7 si muujiza. Kwa mama mwenye kilo 80, hizo ni kilo tano na nusu hivi. Hahitajiki kurudi katika umbo la ubikira wake, wala kuacha biriani hadi kiama. Ila kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo aghalabu husahaulika unaponukuliwa: kila mshiriki wa kundi la pili alifundishwa masomo 16 ana kwa ana katika miezi sita ya mwanzo, kisha akaendelea kufuatiliwa. Hakupimwa mara moja na kuachwa na kijikaratasi.

Ushahidi wa aina hiyo umepatikana pia katika nchi zilizo karibu nasi kwa mapato na kwa mapishi. Mnamo 2020, watafiti walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa katika jamii 30 za mashambani nchini Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, likiwahusisha watu wazima 2,645 wenye shinikizo la damu. Wahudumu wa kijamii walioajiriwa na serikali waliwazuru majumbani kila baada ya miezi mitatu kwa muda wa miaka miwili, wakawapima presha na kuwashauri kuhusu mwenendo wa maisha, huku madaktari wa karibu wakipewa mafunzo ya kuwapokea. Presha yao ilishuka kuliko ya wenzao waliopata huduma za kawaida, kwa takriban vizio vitano vya kipimo cha juu. Jaribio hilo lilihusu presha na wala si uzani, lakini linaonyesha kinachowezekana mhudumu anaporudi na zahanati inapokuwa tayari kumpokea aliyetumwa.

Hesabu isiyojumlika

Turejee kisiwani na tufanye hesabu. Mhudumu mmoja hupangiwa takriban nyumba 100. Marupurupu yake ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu ikitolewa na Serikali ya Kitaifa na nusu na kaunti. Kazi yake ni pamoja na kufuatilia wajawazito, chanjo za watoto, malaria, kifua kikuu, usafi na lishe ya watoto wachanga. Tangu bima mpya ya afya ya jamii, SHA, ianze kutumika Oktoba 2024 na kuchukua nafasi ya NHIF, wahudumu hao wametumiwa pia kusajili familia.

Tuchukulie kwamba katika nyumba hizo 100 kuna watu wazima 20 tu walio tayari kupunguza uzani, na kwamba kila mmoja atatembelewa mara 16 katika miezi sita kama ilivyokuwa katika utafiti wa Marekani. Hizo ni ziara 320, yaani zaidi ya 50 kwa mwezi, juu ya ziara 100 za kawaida. Ukigawanya Sh5,000 kwa ziara hizo zote, mhudumu anabakia na takriban Sh33 kwa kila mlango, kabla ya kutoa nauli na bila kuhesabu jasho la ngazi za nyumba za ghorofa.

Hata hizo Sh5,000 hazifiki kwa wakati daima. Katika kaunti mbalimbali, wahudumu wameandamana ama kutishia kususia kazi wakilalamikia kucheleweshwa kwa malipo, huku serikali hizo mbili zikirushiana lawama. Tangu Mkakati wa Afya ya Jamii uanzishwe mwaka 2006, watu hawa walihudumu kwa miaka mingi bila malipo ya uhakika. Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya mwaka 2023 iliwatambua rasmi, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, kutambuliwa katika sheria hakulipi kodi ya nyumba.

Yapo pia yale yanayohesabiwa. Simu ya mhudumu huonyesha ni nyumba ngapi zimezuriwa na ni watu wangapi wamepimwa na kutumwa zahanatini. Takwimu hizo zina faida yake. Ila mfumo ukimsifu aliyepima watu 60 wapya kuliko aliyerudi kwa watu 15 wale wale mara kumi, basi umemwelekeza mhudumu, bila kumwambia, awaache hao 15.

Njia tatu zilizo wazi

Mosi, kazi hii ifanywe kwa vikundi. Wanawake wa Mji wa Kale wana vyama vya kuchangishana, vya arusi na vya mazishi, pamoja na darasa za jioni. Vikundi viwili vya watu kumi kumi vikikutana mara 16, hiyo ni mikutano 32 kwa miezi sita, yaani mitano au sita kwa mwezi badala ya ziara zaidi ya 50. Marekani yenyewe ilipopanua mpango wake baada ya 2010 iliacha somo la mtu mmoja mmoja na kuchagua vikundi. Katika kikundi, aliyepungua hahitaji kujitetea kuwa si mgonjwa kwa kuwa wenzake wameishuhudia safari yake.

Pili, kipimo kiwe cha nyumba badala ya sahani. Mafunzo ya ng'ambo humtaka mtu ahesabu anachokula. Anayekula sinia moja na watu watano atahesabu vipi matonge yake? Kinachohesabika katika nyumba ya Kiswahili ni kile kinachoingia jikoni: chupa ya mafuta na paketi ya sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula, na kwamba ni bora zaidi isizidi asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Kwa nyumba ya watu wazima watano, kilo moja ya sukari inapaswa kudumu siku nane, na hapo soda na halua hazijahesabiwa. Nyumba nyingi zitashangaa zikiandika tarehe kwenye paketi siku inapofunguliwa.

Mhudumu anayeijua hesabu hiyo hana haja ya kumwamuru mtu aache chakula cha mababu. Atashauri mahamri yapungue na mbaazi zibakie, kwa kuwa mbaazi ni chakula bora. Atashauri nazi ya tui jepesi, mchicha na kunde kutoka Marikiti kando ya wali, na viazi vya kuchemsha baadhi ya siku. Atakuja kabla ya Ramadhani, kwa sababu futari ya vikaango usiku kucha yaweza kurudisha kilo zote zilizopotea tangu mfungo wa nyuma, na kwa sababu mwenye kisukari anapaswa kumwona daktari kabla ya kuanza kufunga. Ushauri kama huo hautoki kwa mtu asiyejua kalenda ya mji.

Wanaume nao watafutwe waliko. Mhudumu anayezuru nyumba mchana huwakuta wanawake na watoto, ilhali baba yuko kazini ama barazani kwenye kahawa. Mashine ya presha na mizani vyaweza kupelekwa kwenye baraza hizo na nje ya misikiti baada ya swala ya Ijumaa, kwa idhini ya wazee wa mtaa. Mzee mmoja akikubali kupimwa mbele ya rika lake, wengine watafuata, ikiwa ni kwa ubishi tu.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, malipo yatambue kurudi. Mpango wa bima ya wazee wa Marekani, Medicare, ulianza mwaka 2018 kulipia masomo ya kuzuia kisukari, na malipo yakafungamanishwa na mahudhurio pamoja na uzani uliopungua. Mpango huo nao ulikumbwa na kasoro: watoa huduma wachache walijiunga na wazee wachache walifikiwa, kwa sehemu kwa sababu masharti ya malipo yalikuwa mazito. Funzo kwa kaunti zetu ni kwamba mhudumu asilipwe kwa kilo zilizopungua, kwani hilo litamshawishi aghushi takwimu au awakwepe wagumu. Nyongeza ndogo kwa kila kikundi kilichodumu hadi mwisho, kikithibitishwa na mtaalamu wa lishe wa kituo cha afya, ingetosha kubadilisha mwelekeo.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba fedha hazipo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, hasa wakati kaunti zinalalamika kuwa migao yao huchelewa. Lakini fedha zinatumika tayari, ila zinatumika mwishoni. Kusafisha damu ya mgonjwa wa figo, kumkata mguu ama kumlaza mtu aliyepooza ni gharama inayobebwa na bima, na kuliko bima, na familia inayouza shamba au dhahabu ya mama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tunaujenga kila siku katika wodi zetu.

Wengine watasema kwamba dawa mpya za kupunguza uzani zitaimaliza kazi hii. Ni kweli kwamba Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi la semaglutide katika orodha ya dawa muhimu, kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari wenye maradhi ya moyo au figo pamoja na unene wa kupindukia. Hata hivyo, bei yake ingali mbali na mkono wa mchuuzi wa Mwembe Tayari. Aidha, uzani hurudi mara nyingi dawa zikisitishwa. Hata siku zitakapokuwa rahisi, atahitajika mtu wa kumfuatilia anayezitumia.

Wa tatu watasema kwamba mtu mzima ana haki ya kula apendacho. Ana haki hiyo. Lakini ana haki vilevile ya kujua kipimo chake na cha kufanya nacho, na ya kuwa na mahali pa kutembea bila bughudha. Ufuo wa Mama Ngina uliofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2019 ni neema kwa kisiwa kilichosongamana. Dakika 30 hapo, siku tano kwa wiki, ni zile dakika 150 za utafiti wa 2002. Kinachohitajika ni mwangaza, usalama, na pengine saa za asubuhi ambapo akina mama waliovaa buibui watatembea kwa kundi pamoja na mhudumu wao bila kuzomewa na vijana. Hayo ni maamuzi ya kaunti, na hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Pasi na kiungo kimoja, hata hivyo, yote haya yatakwama. Mhudumu akimpata mtu mwenye presha ya juu au sukari nyingi na kumtuma zahanatini, akifika hapo akakosa dawa ama akaambiwa mashine imeharibika, hatarudi. Tena atamwambia jirani yake asijisumbue. Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi uliundwa kugharamia huduma katika zahanati na vituo vya afya ili mwananchi asitozwe. Fedha zake zikifika kwa wakati, mhudumu ana mahali pa kumpeleka mtu. Zisipofika, mhudumu amegeuka mleta habari mbaya mtaani kwake mwenyewe, na hiyo ni hasara ya imani isiyonunulika tena.

Kwa serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuanza hakuhitaji makuu. Mvita ina wadi tano: Mji wa Kale/Makadara, Majengo, Tononoka, Tudor na Shimanzi/Ganjoni. Kila wadi ingechagua wahudumu wachache, vikundi viwili viwili, mtaalamu mmoja wa lishe na kituo kimoja cha afya kilicho tayari, kisha matokeo yatangazwe hadharani baada ya mwaka mmoja: ni wangapi walioanza, ni wangapi waliobaki, na ni kilo ngapi zilizopungua. Wakazi wana haki ya kuzijua takwimu hizo hata zikiwa za kuaibisha.

Haba na haba hujaza kibaba, na kwa haba hizo hizo ndivyo mwili ulivyojaa, kijiko cha sukari juu ya kijiko. Utapungua vivyo hivyo, iwapo yupo mtu atakayebisha hodi tena wiki ijayo, aitikiwe "karibu", na aitoe mizani mkobani bila mwenye nyumba kusema siku nyingine.